Skripti iliyokuwa inameza mama wa mukene

Yaani wiki tatu nzima nimebishana na mama wa miaka sabini kuhusu kama yupo au hayupo. Yeye anasema nipo, kompyuta inasema hayupo, na mimi nikawa upande wa kompyuta.

Ngoja nianze vizuri. Mimi niko hapa Busia, upande wa Uganda, nafanya kazi za kompyuta za kuokoteza, leo printa ya duka la vitabu, kesho laptopu ya wakala wa forodha iliyomwagikiwa chai. Kuna SACCO moja ya kina mama wa sokoni, jina naliweka pembeni, hao ndo wananilipa kila mwezi niwaangalizie mfumo wao. Mfumo wenyewe ni jina kubwa tu, ni kompyuta moja ya mezani inayofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu, ndani yake kuna databesi ya MySQL, yaani ghala la kumbukumbu zote, na skripti za PHP, yaani faili za maagizo ya kompyuta, kama ishirini hivi zilizoandikwa na kijana mmoja zamani kabla hajaenda kutafuta maisha Uarabuni. Kila Jumatatu asubuhi mama mhazini anabonyeza kitufe, skripti inaingia kwenye databesi, inachota wanachama wote na akiba zao, inawapanga kwa herufi, printa inalia, karatasi zinabandikwa mlangoni. Watu wanakuja wanajitafuta kwa kidole. Hakuna mwenye muda wa kufungua programu kwenye simu, karatasi ya mlangoni ndo benki yao.

Na karatasi iko kwa Kiswahili, sio kwa sababu ya serikali. Wakubwa Kampala walipitisha kwenye baraza la mawaziri Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, wakashangiliwa, lakini huku mpakani watu wamekopeshana na kudaiana kwa Kiswahili tangu sijazaliwa. Ukiwa na Msamia, Muganda, Mteso na dereva wa lori kutoka Mombasa kwenye meza moja utaongea nini kingine.

Sasa huyu mama. Anauza mukene sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani ambao ng'ambo, Kenya, wanaitwa omena, na watu wote tunamwita kukhu, yaani bibi. Jina lake la kwenye daftari silitaji ila linaanza na Ab, na hilo Ab ndo hadithi yenyewe, mnisubiri. Jumatatu moja akaja mlangoni, akatafuta jina lake, hakuna. Akatafuta tena kuanzia chini. Hakuna. Akaingia ndani akamwambia mhazini, mbona mmenitoa? Mhazini akanipigia.

Nikaja na boda, nikaangalia karatasi, kweli hayupo. Nikafanya tunachofanya wote, tusidanganyane, nikazima kompyuta nikawasha. Nikaprinti tena. Hayupo. Nikamuuliza kukhu swali ambalo mpaka leo nikikumbuka naona aibu: "Kukhu, una uhakika uliweka pesa?" Akaniangalia tu. Akatoa kwenye kanga kitabu chake cha akiba, kimelowa mafuta ya samaki, kila muhuri upo.

Nikaingia kwenye databesi moja kwa moja bila kupitia skripti, nikaandika SELECT yangu, ile amri ya kuchota, kwa mkono nimtafute kwa namba ya uanachama. Yupo! Akiba yake 385,000, haijapungua hata shilingi. Kwa hiyo pesa ipo, mtu yupo, ila karatasini hayupo. Nikamwambia mhazini tatizo ni dogo, nipe siku mbili. Siku mbili zangu mnazijua.

Kitu kimoja kuhusu makosa ya skripti: yale ya kupiga kelele hayana shida. Mwaka juzi mfumo huuhuu ulikuwa unakataa kabisa maombi fulani ya mkopo, unatoa ujumbe mwekundu kosa namba 1064, halafu unasema angalia karibu na neno "ombe". Ombe ni nini? Nilikuna kichwa kama dakika kumi halafu nikacheka peke yangu. Kumbe kila mtu aliyeandika kwamba mkopo ni wa kununua ng'ombe, ile alama ya juu kwenye ng' ilikuwa inafunga maandishi katikati, databesi inadhani sentensi imeishia "kununua ng", alafu inakutana na "ombe" haijui iweke wapi. Wa mbuzi wanapita, wa kuku wanapita, wa ng'ombe wanarudishwa nyumbani. Na kina Ong'ango pia. Yule aliyeandika skripti alikuwa anaunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ile lugha ya kuongea na databesi, kitu ambacho mbali na kuonea wenye ng'ombe ni mlango wazi kwa mwizi yeyote anayejua kuandika amri badala ya jina. Nikazigeuza kuwa amri za kuandaliwa kabla, ile ya kuweka alama ya kuuliza mahali pa thamani halafu thamani inapelekwa pembeni, ikaisha. Saa moja tu kazi imekwisha, kwa sababu kosa lilipiga kelele likaniambia lilipo.

Hili la kukhu halikupiga kelele. Hakuna ujumbe mwekundu, karatasi inatoka safi, imepangika vizuri, imekosa mtu mmoja tu.

Wiki ya kwanza nikaenda na nadharia ya hali ya mwanachama. Skripti ilikuwa inachota kila mtu ambaye hali yake sio "ametoka", na mnajua tabia ya SQL, kama sehemu ile haijajazwa kitu kabisa, yaani ni NULL, basi ukiuliza "je hii ni tofauti na ametoka?" haikujibu ndiyo wala hapana, inakujibu sijui, na anayejibiwa sijui anaachwa nje. Nikasema nimempata. Nikaangalia, kukhu hali yake imeandikwa "hai", vizuri kabisa. Basi.

Wiki ya pili nikaona kitu kingine na hiki kilikuwa kosa kweli. Kuna safu kwenye karatasi inaonyesha mtu ameweka kiasi gani mwezi huo, na skripti ilikuwa inasema nichotee malipo kati ya tarehe 1 na tarehe 31, kwa BETWEEN. Sasa ile sehemu ya tarehe kwenye tebo, yaani jedwali la databesi, inabeba na saa, na ukiandika tarehe 31 peke yake MySQL inaielewa kuwa tarehe 31 saa sita usiku kamili, pale inapoanza tu. Kwa hiyo aliyelipa tarehe 31 saa nne asubuhi yuko nje ya mwezi. Na mwezi unaofuata unaanza tarehe 1, kwa hiyo hayupo huko pia! Anaelea. Na kukhu alikuwa ameweka tarehe 31. Mnaona ilivyonipata? Nikabadilisha, nikaweka kuanzia tarehe 1 ya mwezi huu na kuendelea ila kabla ya tarehe 1 ya mwezi ujao, ambayo ndo namna sahihi, hata February haikusumbui. Nikampigia mhazini nikajisifu. Nikamwambia mama, shida ilikuwa saa sita usiku. Akasema ahsante mwanangu.

Jumatatu ikafika, kukhu hayupo.

Ukitulia unaona kabisa lile kosa la tarehe lilikuwa linapunguza namba kwenye safu moja, halikuwa na namna ya kufuta jina la mtu. Lakini ukishakuwa na njaa ya kupata kosa, kosa lolote linakaa kama jibu. Nilikuwa hata sijalijaribu kwa jina la kukhu kabla ya kupiga simu.

Na hapa niseme kitu ambacho mama mhazini alinifanyia, maana yeye ndo alikuwa na jibu mkononi tangu Jumatatu ya kwanza. Yeye haamini printa. Kila wiki anachukua kikokotoo chake kile chenye vitufe vimefutika namba, anajumlisha karatasi nzima mstari kwa mstari kwa kalamu ya biki. Aliniambia wiki ya kwanza kabisa: "Mwanangu, jumla ya chini haikubaliani na mistari, inazidi 385,000." Nikamwambia mama, labda umeruka mstari. Wiki ya pili akanambia tena, nikamwambia tutaona. Pale juu ya karatasi imeandikwa wanachama 147, na mstari wa mwisho pembeni una namba 146. Ilikuwa pale, imeprintiwa, kwa wino mweusi, wiki zote tatu. Sikusoma. Nilikuwa nasoma skripti.

Kilichonifumbua macho ni bahati na kiherehere cha mwenyekiti. Wiki ya tatu mwenyekiti akataka karatasi ipangwe kwa akiba, mwenye nyingi awe juu, eti itatia watu moyo. Mimi nadhani alitaka aonekane yeye juu, maana ana akiba kuliko wote. Nikabadilisha neno moja tu kwenye mpangilio, badala ya jina nikaweka akiba kutoka kubwa kushuka, tukaprinti. Kukhu karudi! Yuko katikati huko, 385,000 zake zimetulia. Nikaanza kushangilia. Halafu nikasikia sauti ya mwenyekiti mlangoni, "Mimi niko wapi?"

Mwenyekiti amepotea. Mtu namba moja wa SACCO nzima hayupo kwenye karatasi aliyoagiza mwenyewe.

Nawaambia ukweli, kukhu alipotea wiki tatu nikawa naenda polepole, mwenyekiti alipotea dakika tano nikakaa chini hapohapo sikunyanyuka. Sio jambo la kujisifia.

Lakini sasa ilikuwa wazi. Ukipanga kwa jina, anapotea Ab, wa kwanza kwa herufi. Ukipanga kwa akiba, anapotea wa kwanza kwa akiba. Skripti haina chuki na mtu, inamla yeyote anayesimama mbele. Nikafungua faili nikaenda moja kwa moja pale matokeo yanapopokelewa, na hiki hapa, mstari mmoja:

$mtu = $matokeo->fetch_assoc();

Chini yake kuna sharti, kama $mtu ni tupu basi andika "hakuna wanachama" na uache. Halafu chini ya hapo ndo lupu inaanza, ule mzunguko wa kurudia kazi kwa kila mtu, na lupu nayo kila ikizunguka inaita fetch_assoc ileile.

Kwa wasiofanya kazi hii nieleze hivi. Matokeo ya databesi ni kama foleni ya watu nje ya chumba cha daktari, na fetch_assoc ni yule kijana wa mlangoni. Kila ukimwita anakuletea mtu mmoja wa mbele, na huyo akishaingia harudi kwenye foleni. Sasa yule mwandishi alitaka tu kujua kama kuna mtu nje. Akamwita kijana, kijana akamleta kukhu. Vizuri, wapo watu, tuanze kazi. Na kuanza kazi kwake ni kumwita kijana tena, alete mtu, na kijana analeta wa pili. Kukhu kasimama katikati ya chumba, hakuna aliyemwandika, na kiti chake kakalia mwingine, manake $mtu ni moja tu, akiingia wa pili wa kwanza anafutika. Ndo maana ile hesabu ya 147 ilikuwa sahihi, hiyo inauliza foleni ina watu wangapi kwa jumla, haigusi mtu. Na jumla ya pesa ilikuwa sahihi kwa sababu inatoka kwenye amri nyingine kabisa, databesi yenyewe inajumlisha. Mistari tu ndo ilikuwa pungufu.

Kurekebisha ni kufuta mstari. Ukitaka kujua kama kuna watu unauliza num_rows, unapewa namba, foleni haisogei. Kama lazima umwite wa kwanza basi unamrudisha na data_seek kwenye sifuri kabla ya lupu. Mimi nikafuta, na lile sharti nikaliweka liulize num_rows.

Sasa swali lililokuwa linanisumbua: hii skripti ina miaka, mbona kukhu ameanza kupotea juzijuzi tu? Na majibu yake yalinirudia mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimefanya usafi. Mle kwenye tebo ya wanachama kulikuwa na mtu anaitwa AAAA JARIBIO, akiba sifuri, simu sifuri nyingi, aliwekwa na yule kijana siku anajaribu mfumo akamsahau. Mimi napenda vitu safi, nikamfuta, nikajiona fundi. Kumbe kwa miaka yote hiyo AAAA JARIBIO alikuwa anasimama wa kwanza kwenye foleni, anamezwa kila Jumatatu, na hakuna aliyelia kwa sababu hakuna mtu wa kulia, na kwa sababu akiba yake sifuri hata kikokotoo cha mama mhazini kilikuwa kinakubaliana. Alikuwa anamkinga kukhu. Nilipomtoa, aliyefuata kwa herufi akaingia zamu.

Na sio hilo tu. Hizi skripti ziliandikwa kwa zile amri za zamani za PHP zinazoanza na mysql_, ambazo PHP 7 ilizitupa nje kabisa mwaka 2015, na mimi ndo niliyezihamisha kwenda mysqli, zile amri mpya, tulipobadilisha kompyuta. Nilihamisha mstari kwa mstari, hata huo mstari mbovu niliuandika upya kwa mikono yangu miwili. Nimeutafuta wiki tatu na mimi ndo nilikuwa nimeupiga chapa.

Baada ya hapo nikatafuta kwenye faili zote mahali popote fetch_assoc inapoitwa kabla ya lupu. Nikakuta nne. Moja ni ya kutuma meseji za kukumbusha akiba, kwa hiyo kukhu alikuwa hata meseji hapati. Mbili hazitumiki. Lakini ya nne, jamani. Ya nne ni orodha ya mikopo, inapangwa kwa tarehe, mpya juu. Yaani mkopo mpya kuliko yote ulikuwa hauonekani, kila siku, tangu mfumo uanze. Nikamuuliza mama mhazini, mama, hujawahi kuona mkopo mpya haupo kwenye orodha? Akanijibu bila hata kushtuka: "Si ndivyo mfumo unavyofanyaga? Mkopo wako unatokea mwenzako akikopa." Alikuwa anawaambia wanachama hivyo miaka yote. Mtu akikopa anaambiwa subiri akope mwingine ndo utajiona. Kuna kina mama walikuwa wanakuja wawili wawili kukopa, mimi nikidhani ni urafiki.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia.

Umeme ulikatika kabla sijaprinti, tukasubiri kama saa mbili, mwenyekiti akaagiza rolex, zile chapati za kukunjia mayai, za watu wote akiwa bado amenuna. Uliporudi tukaprinti orodha mpya, kwa herufi, maana wazo la kupanga kwa akiba mwenyekiti hakulitaja tena. Mistari 147. Mama mhazini akajumlisha na biki yake, nikamwacha mpaka akamaliza, akasema imekaa.

Kukhu alikuja jioni baada ya kufunga meza. Akaweka kidole juu kabisa ya karatasi ya kwanza akajikuta namba moja. Akanigeukia: "Mjukuu wangu, sasa mbona mmeniweka wa kwanza? Watu watasema nimekuhonga." Nikamweleza habari ya herufi. Sidhani alinisikiliza. Akafungua beseni akanifungia mukene kwenye gazeti, nikakataa, akaniingizia mwenyewe kwenye begi la laptopu pembeni ya chaja.

Wiki mbili sasa. Begi nimelianika juani, nimelipaka limau, na jana nimefika kwa mteja, wakala mmoja pale karibu na geti la mpakani, paka wa ofisi akaja akalala juu yake.